Toleo la Pili na Toleo la Tatu: Mjadala wa Waandishi wa Programu Juu ya Lugha ya Python

Makala haya yanakusudia kueleza mjadala uliowashughulisha waandishi wa programu za kompyuta kwa muda wa zaidi ya miaka 10, kuanzia 2008 hadi 2020. Swali lao lilikuwa hili: je, wahame kutoka toleo la pili la lugha iitwayo Python, waende kwenye toleo la tatu, au wabaki walipo? Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza jambo hili lamhusu nini. Jibu letu ni kwamba ugomvi huo, ingawa ulikuwa wa mafundi wa mashine, ulikuwa ugomvi juu ya usanifishaji wa lugha. Na kiini chake kilikuwa swali tunalolijua vizuri sisi tunaoshughulika na lugha za Kiafrika, yaani herufi ni nini, na ni herufi za nani zinazohesabiwa kuwa za kawaida.

Tutadai katika kurasa hizi kwamba waliotaka mabadiliko walikuwa na haki katika jambo lenyewe, lakini walikosea njia. Walidhani kwamba maandishi ya zamani yaweza kufasiriwa mara moja na kuwekwa kando. Mambo hayakwenda hivyo, na toleo jipya halikushika mpaka wenye mamlaka walipokubali kurudisha baadhi ya yale waliyokuwa wameyafuta.

Lugha isiyo na msikilizaji mvumilivu

Neno "lugha" katika usemi "lugha ya programu" latumika kwa istiari, wala hatuna haja ya kuikataa istiari hiyo. Lugha hizi zina msamiati, zina sarufi, na zina maandishi yaliyokusanyika kwa miaka mingi, yasomwayo na watu ambao hawakuyaandika. Kinachokosekana ni msikilizaji mwenye subira. Anayeandika programu kwa Python hupeleka maandishi yake kwa programu nyingine ambayo mafundi huiita mkalimani, nayo huyasoma na kutekeleza yaliyoamriwa. Mkalimani huyu hajui kukisia. Mabano yakikosekana mahali panapotakiwa mabano, hatasema kwamba ameelewa hata hivyo. Atasimama na kutoa taarifa ya kosa.

Tulinganishe na historia ya Kiswahili. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikausimamia uamuzi huo. Watu wengi wa Mombasa hawakuridhika, na hoja za kukitetea Kimvita zimeandikwa na kurudiwa mara nyingi tangu hapo. Lakini hata baada ya uamuzi ule, Mmvita aliendelea kutunga mashairi kwa lahaja yake, na Muunguja akamwelewa. Utenzi wa zamani haukuacha kusomeka eti kwa kuwa tahajia imewekewa kanuni mpya. Lugha ya kompyuta haina huruma hiyo. Lahaja zake mbili, hata zikiwa karibu kuliko Kimvita na Kiunguja, hazisikilizani ila pale tu mtu alipokaa akaandaa namna ya kusikilizana. Ukali wa mjadala tunaouzungumzia ulianzia hapo.

Yaliyobadilishwa

Python ilibuniwa na Mholanzi Guido van Rossum, aliyeanza kuitunga mwishoni mwa mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam. Ilitolewa hadharani mara ya kwanza mwaka 1991. Toleo la 2.0 lilitoka Oktoba 2000, na katika miaka minane iliyofuata lugha ilikua kwa kuongezwa zaidi kuliko kwa kupunguzwa: kilichokuwako kiliachwa kibaki, hata kile ambacho mtunzi mwenyewe alikuja kukiona kuwa kosa. Mwaka 2006 ukatolewa waraka wa mapendekezo namba 3000. (Watunzaji wa Python huendesha mambo yao kwa nyaraka za namna hiyo, kila mmoja na namba yake, ni desturi ambayo kamati zetu za istilahi zingeweza kuiiga.) Waraka huo ulitangaza kwamba toleo la tatu litaruhusiwa kuvunja mwendelezo ili kuondoa makosa ya mwanzo. Toleo la 3.0 likatoka tarehe 3 Desemba 2008.

Mabadiliko yenyewe twaweza kuyatazama kama mwanaisimu atazamavyo mabadiliko ya lugha yoyote. Baadhi yalikuwa ya sarufi tu. Katika toleo la pili, mtu aliyetaka kuonyesha neno kwenye kioo cha kompyuta aliandika print "Habari". Katika toleo la tatu akatakiwa kuandika print("Habari"). Badiliko hili ndilo lililopigiwa kelele nyingi, kwa kuwa lilionekana karibu katika kila ukurasa, lakini madhara yake yalikuwa madogo. Mkalimani mpya akiiona sentensi ya zamani huikataa palepale, na mwandishi huirekebisha.

Mengine yalikuwa ya maana, na haya yalikuwa ya hatari zaidi. Katika toleo la pili, 7/2 ilitoa jibu la 3, kwa sababu namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, sehemu iliyobaki ilitupwa. Katika toleo la tatu jibu ni 3.5, na anayetaka lile la zamani huandika 7//2. Hapa sarufi haikubadilika hata nukta. Sentensi ileile yakubaliwa na wakalimani wote wawili, bali kila mmoja aielewa kwa njia yake. Ni kama neno lililomo katika lahaja mbili kwa umbo moja na maana mbili: mgeni hulitumia kwa furaha, wala hajui kwamba hakueleweka. Programu ya kukokotoa alama za wanafunzi yaweza kuhamishwa, ikapokewa bila malalamiko yoyote, na kutoa matokeo yasiyolingana na ya jana. Ni haki tuseme pia kwamba ile alama ya mikwaju miwili iliingizwa tangu toleo la 2.2 la mwaka 2001, hivyo aliyependa kujizoeza mapema aliweza.

Yako na mabadiliko mengine madogo ambayo hatutayaorodhesha. Moja tu tulitaje kwa sababu lachekesha: katika toleo la pili mtu aliweza kuuliza kama namba 3 ni ndogo kuliko neno "tatu", na mkalimani akajibu kwa utulivu kwamba ndiyo, ni ndogo. Toleo la tatu hulikataa swali.

Herufi na baiti

Badiliko lililokuwa kubwa kuliko yote lilihusu maandishi. Hapa tutakaa kidogo.

Kompyuta haijui herufi. Yajua namba tu, na namba hizo huhifadhiwa katika vipimo viitwavyo baiti, kila baiti ikiweza kubeba mojawapo ya thamani 256. Ili neno liandikwe, hapana budi pawe na jedwali linalosema namba fulani ni herufi fulani. Jedwali mashuhuri la ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, lina nafasi 128 tu; ndani yake mna herufi za Kiingereza, tarakimu, alama za uakifishaji, na amri kadhaa za mashine. Waliokuwa na herufi zaidi ya hizo walijitengenezea majedwali yao katika nafasi 128 zilizosalia, na majedwali hayo hayakupatana. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1991, ilikusudia kuimaliza fujo hiyo kwa kuipa kila herufi ya kila mwandiko namba yake yenyewe. Namba zikawa nyingi kuliko zinavyoweza kubebwa na baiti moja. Hivyo katika utaratibu wa UTF-8, ambao ndio utumikao zaidi siku hizi, herufi za ASCII huchukua baiti moja, na nyingine huchukua mbili, tatu au nne.

Sasa tuitazame hali ya Kiswahili. Herufi zake zote za Kirumi zimo ndani ya ASCII. Hata ng' yenye kibainishi chake imo. Kwa bahati hii (maana ni bahati, si stahili) mwandishi wa programu ashughulikaye na Kiswahili peke yake angeweza kufanya kazi miaka mingi kwa toleo la pili la Python bila kuona tatizo. Jirani yake aandikaye Kikuyu au Kikamba hakuwa na bahati hiyo. Herufi ĩ na ũ hazimo katika ASCII, na kila moja huchukua baiti mbili katika UTF-8. Neno mũndũ lina herufi tano. Toleo la pili likiulizwa urefu wa neno hilo, lililoandikwa kwa namna ya kawaida, lilijibu saba, kwa kuwa lilikuwa likihesabu baiti. Likiamriwa kuliandika kwa herufi kubwa, lilitoa MũNDũ: zile lilizozijua lilizikuza, na zile lisizozijua likaziacha kama zilivyo. Likiamriwa kukata vipande viwili vya mwanzo vya neno, lilitoa m pamoja na nusu ya ũ, kitu ambacho si herufi katika mwandiko wowote duniani. Toleo la tatu hujibu tano, huandika MŨNDŨ, na hukata mũ.

Itasemwa kwamba toleo la pili nalo lilikuwa na aina nyingine ya maandishi iliyoijua Unicode. Ni kweli, iliingizwa mwaka 2000. Lakini mwandishi alipaswa kuiomba, kwa kutanguliza herufi u mbele ya alama za kufungulia maneno, na aina ya kawaida ikabaki kuwa mfuatano wa baiti. Kibaya zaidi ni kwamba aina hizi mbili zilichanganyika kimyakimya maadamu herufi zote zilikuwa za ASCII. Tuchukue mfano wa kubuni. Programu ya kuandikisha watu yajaribiwa ofisini kwa majina ya John na Mary, nayo yapita. Yatumika mwaka mzima. Kisha siku moja aja mtu aitwaye Wanjikũ, na programu yaanguka, tena pengine yaangukia mahali palipo mbali kabisa na pale jina lilipoingilia, hata fundi asijue aanzie wapi. Apataye hasara hapa si aliyeandika programu. Ni mwenye jina, ambaye huambiwa aliandike bila alama, yaani aliandike vibaya, ili mashine ipate utulivu.

Kosa la namna hii halikuwakuta Wakikuyu peke yao. Liliwakuta Wafaransa, Wagiriki, Warusi, Wajapani, na kila aliyeandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambazo kila herufi yake huchukua baiti mbili. Na hata Kiswahili cha hati za Kirumi hakikusalimika kabisa. Programu nyingi za kuandikia barua hukibadilisha kibainishi kilichonyooka kuwa kile kilichopinda, ambacho hakimo katika ASCII na huchukua baiti tatu. Neno ng’ombe likiandikwa kwa kibainishi hicho lilihesabiwa katika toleo la pili kuwa na urefu wa tisa, badala ya saba.

Jambo jingine lastahili kutajwa, ingawa halikusemwa sana. Mkalimani wa toleo la pili alitazamia kwamba maandishi ya programu yenyewe yatakuwa ya ASCII. Mwandishi akiweka herufi ũ mahali popote, hata katika maelezo ya pembeni ambayo mashine haiyatekelezi, bila tamko maalumu juu ya ukurasa, programu nzima ilikataliwa. Mwalimu aliyetaka kumfafanulia mwanafunzi programu kwa Kikuyu aliombwa kibali kwanza. Aliyeifafanua kwa Kiingereza hakuombwa chochote. Toleo la tatu liliondoa sharti hilo kwa kuifanya UTF-8 kuwa ndiyo kawaida. Zaidi ya hayo, waraka namba 3131 wa mwaka 2007 uliruhusu herufi zisizo za ASCII zitumike katika majina ambayo mwandishi huvipa vitu ndani ya programu. Waraka huu ulipingwa na baadhi ya watu kwa hoja ya kwamba programu iliyojaa majina ya Kirusi au Kijapani haitasomeka na mtu wa nchi nyingine. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini yafaa ionwe kuwa ni nini: ni hoja ya lugha ya mawasiliano mapana dhidi ya lugha ya nyumbani, na sisi tumeisikia katika mabaraza mengine kabisa.

Hoja za waliokataa kuhama

Isidhaniwe kwamba waliokataa kuhama walikuwa wavivu, au maadui wa herufi za watu. La hasha. Wengi wao walikuwa na programu zilizofanya kazi vizuri, nao waliulizana kwa nini walipe gharama ya kuziandika upya ili zifanye yaleyale zilizokuwa zikiyafanya. Toleo la 3.0 lilikuwa pia na mwendo wa polepole zaidi: watunzaji wenyewe walieleza walipolitoa kwamba katika kipimo kimoja kilichozoeleka lilikuwa nyuma ya toleo la 2.5 kwa kadiri ya asilimia 10. Mtu aambiwaye ahame nyumba hutaka kuona kwamba aendako ni pazuri kuliko atokako.

Sababu iliyokuwa na uzito zaidi ni ya kijamii. Programu haisimami peke yake. Hutegemea maktaba, yaani mikusanyo ya programu zilizoandikwa na watu wengine, na maktaba hizo nazo hutegemea nyingine. Mwenye programu hakuweza kuhama kabla ya maktaba zake kuhama; na mwenye maktaba, akitazama na kuona kwamba watumiaji wake wote wako katika toleo la pili, hakuona sababu ya kutangulia. Kila mmoja alimngoja mwenzake mlangoni. Ilitengenezwa hata orodha ya hadharani ya maktaba mashuhuri, ikionyesha zilizohama na zisizohama, nayo ikaitwa Ukuta wa Aibu. Zilipohama za kutosha, jina likabadilishwa likawa la sifa.

Kulikuwa pia na hoja ya kitaalamu iliyogusa kiini chenyewe. Waandishi wa programu za mifumo walisema kwamba toleo la tatu limesahihisha upande mmoja na kuharibu mwingine. Katika mashine zifuatazo desturi ya Unix, jina la faili si maandishi; ni mfuatano wa baiti, na hakuna anayehakikisha kwamba baiti hizo zafuata jedwali lolote. Toleo la tatu lilitaka kila kitu kiwe ama maandishi ama baiti, na mwandishi aseme ni kipi. Katika 3.0 matokeo yake yalikuwa ya ajabu: faili ambazo majina yake hayakuweza kufasiriwa kuwa herufi ziliachwa nje ya orodha, kana kwamba hazimo kwenye mashine. Watunzaji wa Mercurial, programu inayohifadhi historia ya marekebisho ya maandishi, ambayo kwa asili yake hushughulika na baiti, walifikia tu Novemba 2019 ndipo wakatoa toleo lao la kwanza linalofanya kazi kwa Python ya tatu. Hiyo ni karibu miaka 11 baada ya 3.0.

Kwa maoni yetu hoja hii ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa hoja ya kubaki. Yaonyesha kwamba kuna vitu viwili tofauti, baiti na herufi, na kwamba toleo la pili lilivichanganya. Kuwa na kazi inayohitaji kimoja si sababu ya kukataa kivitofautisha.

Mamlaka yanapolegea

Watunzaji walitazamia kwamba uhamaji utachukua kama miaka mitano. Chombo walichokitegemea kilikuwa programu iitwayo 2to3, ambayo iliyasoma maandishi ya toleo la pili na kuyafasiri yawe ya toleo la tatu. Ilikuwa tafsiri ya kwenda bila kurudi. Mwenye programu yake peke yake aliweza kuitumia; mwenye maktaba hakuweza, kwa sababu alikuwa na wasomaji wa pande zote mbili, na baada ya kufasiri angekuwa na vitabu viwili vya kutunza.

Walichokifanya watu hakikuwa katika mpango. Walianza kuandika kwa namna inayokubaliwa na wakalimani wote wawili, aina ya lahaja ya mpakani ambayo haikuwa toleo la pili kamili wala la tatu kamili. Maktaba iliyowasaidia zaidi ilipewa jina la six, yaani sita, kwa kuwa mbili mara tatu ni sita. Toleo la pili lenyewe lilisaidia pia, kwa njia ya tamko ambalo neno lake la kati lamaanisha "wakati ujao": mwandishi aliyeliweka juu ya ukurasa aliruhusiwa kutumia baadhi ya kanuni za toleo la tatu kabla hajahama.

Lakini lahaja ya mpakani iligonga mwamba mmoja. Toleo la 3.0 lilikuwa limeifuta ile herufi u iliyotangulizwa mbele ya maneno ya Unicode. Kwa mantiki halikukosea: ikiwa maandishi yote sasa ni ya Unicode, alama ya kuyatenga haina kazi. Kwa maisha ya watu lilikosea sana. Waliokuwa waangalifu, waliokuwa wametia u kila mahali ili programu zao ziheshimu herufi za watu wote, ndio ambao maandishi yao yalikataliwa na mkalimani mpya. Waraka namba 414 ukaomba herufi hiyo irudishwe, na katika toleo la 3.3 la Septemba 2012 ikarudishwa. Katika lugha mpya haina maana yoyote. Ipo tu ili ukurasa mmoja uweze kusomwa pande mbili. Mwanaisimu atatambua kitu cha namna hii: ni mofimu iliyokufa kimaana, ikahifadhiwa na tahajia.

Marejesho hayakuishia hapo. Mwaka 2009, katika 3.1, ilikuwa imekwisha kutungwa njia ya kuyabeba majina ya faili yasiyofasirika bila kuyapoteza. Na mwaka 2015, katika 3.5, walioandika programu za baiti walirudishiwa njia yao ya zamani ya kupanga maneno kwa alama ya asilimia. Kila mara wenye mamlaka walipolegeza jambo moja, kundi jingine lilivuka.

Walikuwa wakali katika jambo moja tu. Wengi waliomba toleo la 2.8 litolewe, liwe daraja. Mwaka 2011 ukatoka waraka uliosema kwamba 2.8 halitakuwako kamwe, na ukapewa kwa makusudi namba 404, ambayo mafundi wa mitandao huijua kuwa ndiyo jibu la mashine pale kitu kinapotafutwa kisionekane. Toleo la 2.7, lililotoka Julai 2010, likawa la mwisho katika ukoo wake. Siku ya kuacha kulitunza iliwekwa kuwa 2015; mwaka 2014 ikasogezwa hadi 2020. Waliosogeza siku walilaumiwa kwa udhaifu, lakini sisi twaona kwamba miaka ile mitano ndiyo iliyoiokoa lugha isipasuke. Maktaba ya Django, itumikayo kutengenezea tovuti, iliacha toleo la pili katika 2.0 yake ya Desemba 2017. NumPy, maktaba ya hesabu za kisayansi, ikaliacha katikati ya 2019. Van Rossum mwenyewe aliajiriwa Dropbox mwaka 2013, kampuni ambayo programu yake ya kompyuta za mezani iliandikwa kwa toleo la pili, na ambayo ilimaliza kuihamisha mwaka 2018. Mtunzi wa lugha naye alikaa miaka mitano katika nyumba ambayo yeye mwenyewe alikuwa amewaambia watu waihame.

Kwamba lugha yaweza kupasuka si jambo la kuwaza tu. Waandishi wa Perl walitangaza toleo la sita mwaka 2000. Lilitoka Desemba 2015, likiwa mbali sana na la tano, na mwaka 2019 likapewa jina jipya la Raku, kwa kukiri kwamba lilikuwa limekwisha kuwa lugha nyingine. Perl ya tano ikaendelea na njia yake.

Kilichobaki

Toleo la mwisho kabisa la ukoo wa zamani, 2.7.18, lilitolewa Aprili 2020. Kampuni ya Apple iliiondoa 2.7 katika mfumo wa macOS 12.3 mwaka 2022. Wachache waliokataa kabisa walitengeneza tawi lao, ambalo mwanzoni waliliita Python 2.8 na kisha, walipoombwa wasilitumie jina hilo, wakaliita Tauthon. Na mkalimani mwingine, PyPy, ambaye maandishi yake yenyewe yameandikwa kwa tawi la lugha ya zamani, ameendelea kuielewa.

Kwa idara za lugha kuna kazi ndogo ya vitendo. Programu nyingi za kuhesabu maneno, kupanga faharasa na kupima urefu wa silabi ziliandikwa katika miaka ya toleo la pili, na baadhi ya takwimu zilizotokana nazo zingali zikitumika. Anayepokea orodha ya maneno ya Kikuyu au Kikamba iliyopimwa kwa programu ya namna hiyo aangalie kwanza kama ni herufi zilizohesabiwa au ni baiti, na kama wastani ulipatikana kwa mgawanyo uliokata mabaki. Wala kuhamia toleo la tatu hakumalizi yote. Unicode yakubali ũ iandikwe kwa njia mbili: kama herufi moja, au kama u ikifuatwa na alama ya wimbi iliyo peke yake. Kwa njia ya pili, toleo la tatu nalo hujibu kwamba mũndũ ina urefu wa saba, na huliona neno hilo kuwa tofauti na mũndũ ya njia ya kwanza, ijapokuwa kwa macho hayatofautiani. Majina ya vitu ndani ya programu mkalimani huyaunganisha mwenyewe. Maandishi hayaunganishi mpaka aamriwe. Amri hiyo imo katika maktaba inayokuja na Python, nayo hutolewa kwa mstari mmoja, kabla ya kuhesabu.